Lisome Bomba Kabla ya Kulikata



Leo nina mada ambayo najua baadhi yenu mtaguna mkiisoma: mabomba ya maji. Tena siyo haya ya mtaani kwetu ambayo sisi waandishi tunayaripoti kila yakipasuka. Nazungumzia mabomba yaliyomo ndani ya gari. Naam, gari. Kuna magari makubwa kama basi dogo, ndani yana kitanda, jiko, choo, bafu, tangi la maji na pampu yake. Wamarekani wanayaita RV. Mimi nitayaita magari-nyumba, maana ndivyo yalivyo.

Msimamo wangu nausema mapema ili asiwepo wa kuniuliza mwishoni nilikuwa nataka kusema nini. Gari-nyumba la zamani likivuja, kosa kubwa kuliko yote ni kulitengeneza kabla hujajua bomba lililomo ni la aina gani. Na nasema zaidi ya hapo: anayeuza gari la namna hiyo, na gereji inayolitengeneza, wana wajibu wa kumwambia mwenye gari ana bomba gani. Mara nyingi hawamwambii. Na anayelipia ukimya huo ni mtu ambaye aghalabu hana pesa.

"Mwandishi wa habari na mabomba wapi na wapi?" Swali zuri. Kaka yangu mkubwa yuko Marekani mwaka wa tisa sasa, jimbo la Ohio. Miaka miwili iliyopita kodi ya nyumba ilimshinda, akanunua gari-nyumba la mwaka 1989. Alilinunua mkono wa tatu au wa nne, hata yeye hajui. Mwaka jana nilikuwa likizo, nikaenda kumtembelea, nikakaa naye wiki tano humo humo ndani ya gari. Kwa hiyo mengi ya haya nimeyaona kwa macho yangu, nikiwa nimelala kifudifudi chini ya sinki na tochi mdomoni.

Wala msidhani kaka yangu ni kituko. Walioiona filamu ya Nomadland, ile iliyochukua Oscar ya filamu bora mwaka 2021, wanajua ninachosema. Kwa Mmarekani mwenye kipato kizuri gari-nyumba ni la kwenda kula raha wikiendi. Lakini kwa wengi walionunua yale ya miaka ya 1980 na 1990, hiyo ndiyo nyumba yenyewe. Hawana nyingine. Sakafu ya gari hilo ni plaiwudi au mbao za kubana. Ikinywa maji kwa wiki kadhaa inavimba, kisha inaoza, kisha ukungu unapanda ukutani na unaanza kukohoa usiku. Tone moja kwa dakika linatosha kuifanya kazi hiyo, maana halionekani. Linatiririka nyuma ya kabati.

Sasa sikieni ushauri aliopewa kaka.

Gereji ya kwanza ilitazama kwa dakika kumi, ikasema: "Bomba la kijivu hilo. Toa yote, weka mapya, dola 4,200." Jirani yake pale anapopaki akamwambia: "Hao wezi. Nunua gundi na tepu, zungushia, utakaa nalo miaka." Mmoja anataka avunje kila kitu, mwingine anataka asivunje chochote. Kwa haraka haraka unaweza kudhani hawa ni watu wenye mawazo tofauti kabisa. Mimi naona ni wamoja. Wote wawili hawakulisoma bomba.

Ndiyo, bomba linasomwa. Mabomba ya plastiki ya maji ya kunywa huchapwa maandishi kiwandani, kila baada ya umbali fulani. Pale pana aina ya plastiki, kipimo, na namba ya kiwango kilichofuatwa. Kwenye gari la miaka thelathini maandishi yamefifia, mengine yamegeukia ukutani. Lakini yapo. Futa vumbi kwa kitambaa chenye maji, mulika tochi kwa ubavu badala ya kumulika moja kwa moja, fuata bomba kabati kwa kabati. Sisi tulikuta maandishi yanayosomeka nyuma ya hita ya maji, mahali ambapo mikono ya watu haifiki. Yalisema PB2110.

Hapo ndipo penye hadithi, na naomba uvumilivu wenu kidogo.

PB ni polibutileni. Marekani ilianza kufungwa kwa wingi kwenye nyumba mwaka 1978 na kuendelea, hadi 1995 hivi. Ilikuwa rahisi kuliko shaba, inapinda bila kuvunjika, haihitaji moto wala lehemu. Kwa watengenezaji wa magari-nyumba ilikuwa kama zawadi. Gari linatikisika barabarani saa nane mfululizo, bomba la shaba halipendi mtikisiko, na kulichomelea ndani ya vikabati vya mbao ni kazi ya hatari. Polibutileni unaivuta kama waya wa umeme, unabana pete, umemaliza.

Kisha malalamiko yakaanza. Klorini inayowekwa kwenye maji ya mjini ili kuua vijidudu ilikuwa inaila plastiki ile kutoka ndani. Nje bomba linang'aa, ndani lina mipasuko midogo kama ya ngozi kavu. Na siyo bomba peke yake. Viungio vingi vya wakati ule vilikuwa vya plastiki nyingine, asetali, navyo vilipasuka. Watu wakaenda mahakamani. Mwaka 1995, katika kesi ya Cox dhidi ya Shell Oil iliyosikilizwa Tennessee, ilifikiwa suluhu ya dola milioni 950. Shell ndiye aliyekuwa akitengeneza malighafi ya bomba, na Hoechst Celanese malighafi ya viungio. Katikati ya miaka hiyo ya 1990 polibutileni ikatoka kwenye mabomba ya nyumba za Marekani, na nafasi yake ikachukuliwa na PEX, plastiki ambayo ndiyo inayotawala mpaka leo.

Mlango wa kudai kupitia suluhu ile ulifungwa Mei 2009. Tafakari hapo kidogo. Bomba bado lipo, linazunguka barabarani, limebadilisha mikono mara nne. Mfuko umeshafungwa. Hasara ilihamia kimya kimya kwa yule wa mwisho kununua. Ndiyo maana nasema hii siyo habari ya ufundi tu.

Basi, je, gereji ilikuwa sahihi? Ni PB, kwa hiyo toa yote?

Taratibu. Kwanza, yule fundi hakusema PB. Alisema "la kijivu". Na rangi siyo jina. Kuna PEX za miaka ya 1990 zilizotengenezwa kwa rangi ya kijivu vile vile, na bomba hilo halina sababu ya kung'olewa. Kuna polibutileni iliyokuwa nyeusi au ya bluu. Mtu anayehukumu kwa rangi atamng'olea mmoja bomba zima, na mwingine atamwachia bomba bovu kwa sababu eti siyo la kijivu. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui: Uingereza polibutileni inafungwa mpaka leo, kwenye nyumba na kwenye misafara ya kuvutwa na gari. Viungio vyake ni vingine, na watu wanaoga bila wasiwasi. Kwa hiyo hata jina lenyewe bado halitoi hukumu. Linakuambia uangalie nini baada ya hapo.

Pili, unapojua ni PB, unaangalia viungio. Ukikuta viungio vya plastiki, vya kijivu au vyeupe, vimebanwa kwa pete za alumini, hapo ndipo pa kuanzia hofu. Viungio vya shaba vilivyobanwa kwa pete za shaba vina sifa nzuri zaidi. Unaangalia bomba lenyewe: limekauka na kuwa gumu, lina unga unga, linatoa mistari ukilipinda kidogo? Hilo limekwisha, litoe. Je, gari limetumia maji ya aina gani? La mtu aliyekaa miaka yote akitumia maji ya klorini limechoka kuliko la mtu aliyekuwa akitoka nalo mara mbili kwa mwaka.

Nisieleweke vibaya. Sisemi polibutileni ni nzuri. Ukiwa na pesa na muda, na bomba ni la 1989, kubadilisha lote kwa PEX ni uamuzi wa busara na utalala usingizi. Ninachopinga ni mtu kuambiwa alipe dola 4,200 kabla hajaonyeshwa hata tone linatokea wapi.

Maana hilo nalo ni la kushangaza. Gereji haikutafuta mvujo! Na kuutafuta hakuhitaji chuo kikuu. Jaza tangi. Funga bomba la maji ya nje kama umeunganishwa. Funga koki zote, washa pampu. Pampu itajaza presha kisha itanyamaza. Sasa kaa kimya usikilize. Ikinyamaza saa nzima, upande wa maji yenye presha haujambo. Ikikohoa kila baada ya dakika chache ilhali hakuna aliyefungua koki, presha inatoka mahali. Inaweza kuwa mvujo, au valvu ya pampu yenyewe imechoka na maji yanarudi kwenye tangi. Kujua ni ipi, pitia kiungio kimoja kimoja na karatasi ya chooni iliyo kavu. Vidole vinadanganya, hasa pakiwa na baridi, lakini karatasi ikigusa tone inalowa palepale.

Kama hakuna kiungio kinacholowesha karatasi na bado sakafu ina maji, usikimbilie kukata. Je, inalowa wakati wa mvua tu? Hiyo ni paa au dirisha. Inalowa ukimwaga maji ya sinki? Hiyo ni njia ya maji machafu, bomba jingine kabisa, jeusi na nene, halina presha, na dawa yake ni nyingine. Inalowa ukiwa umeunganisha maji ya nje lakini siyo ukitumia pampu? Basi presha ya nje ni kubwa mno. Pampu nyingi za magari haya hujizima kwenye psi 40 hadi 55. Bomba la kambini linaweza kukupa 80 au zaidi. Kile kidude cha kupunguza presha kinachofungwa kwenye mpira wa nje kinauzwa bei ya chakula cha mchana, na kimeokoa magari mengi kuliko gundi zote za dunia.

Kwa kaka tulipata jibu ndani ya dakika arobaini. Chini ya sinki la jikoni, kiungio kimoja. Na hapa ndipo nilipokasirika hasa, maana kile kiungio hakikuwa cha kiwandani. Kilikuwa kipya. Kuna mtu, fundi wa mwenye gari aliyetangulia sijui, aliwahi kukata bomba la PB pale na kuingiza kiungio cha PEX. Kwa nje mabomba haya mawili ni sawa: yale yanayoitwa nusu inchi yote yana unene wa inchi 5/8, kama milimita 16. Pete ile ile inaingia kote. Lakini ukuta wa PEX ni mnene kuliko wa PB, kwa hiyo tundu la ndani la PB ni kubwa zaidi, kama nusu milimita hivi. Kiungio cha PEX kikiingia kwenye PB kinapwaya. Ukibana pete kinashika, kinapendeza, mwenye gari analipa, anaondoka. Miezi kadhaa ya mtikisiko, na tone linaanza.

Yaani mvujo ule haukuletwa na uzee wa bomba. Uliletwa na ukarabati wa mtu ambaye hakulisoma. Na kama kaka angefuata ushauri wa jirani, gundi isingeshika hata siku mbili, kwa sababu PB na PEX hazigandi kwa gundi ya mabomba. Gundi ile ni ya plastiki nyingine, kama CPVC, lile bomba gumu la rangi ya krimu. Mafundi wetu wa nyumbani wamezoea mabomba ya kupaka gundi, kwa hiyo hata mimi niliyekulia Dar ningekuwa mwepesi kuamini kwamba plastiki ni plastiki. Siyo.

Marekebisho yenyewe, kwa faida ya yeyote aliye na ndugu huko, ni haya. Zima pampu na funga maji ya nje. Zima hita ya maji, maana hita ya umeme ikiwaka bila maji inaungua. Fungua vile vikoki vya kumwagia vilivyo chini kabisa ya gari, na fungua koki za ndani ili hewa iingie, maji yote yatoke. Kata kipande kibovu, kata na sentimita kadhaa za ziada mpaka ufike kwenye bomba zima. Kata kwa kisu cha mabomba, siyo msumeno, ili mdomo uwe mnyoofu na usio na vinyuzi. Nunua viungio viwili vya kubadilishia, vyenye upande mmoja wa PB na upande mwingine wa PEX. Vipo, vinauzwa kwa jina hilo hilo. Katikati weka kipande cha PEX.

Pete inavishwa kwanza, ndipo kiungio kinaingia. Wengi hukumbuka pete baada ya kusukuma kiungio, wakaanza upya. Iache pete milimita 3 hadi 6 kutoka kwenye mdomo wa bomba, bana kwa koleo lake, kisha pima kwa kile kibati cha kupimia kinachouzwa pamoja na koleo. Usiamini jicho. Kama nafasi ni finyu na koleo haliingii, kuna viungio vya kukaza kwa mkono na vya kusukuma tu, lakini soma pakiti: iwe imeandikwa kwamba kinafaa PB. Viungio vingi vya kusukuma vinavyojaa madukani ni vya PEX, shaba na CPVC, na havitaji PB hata kidogo. Ukikutana na nati za plastiki, kaza kwa mkono na ongeza robo ya mzunguko. Ukitumia nguvu zote unapasua na kununua tena. Mwisho funga bomba ukutani kwa klempu lisicheze wala kusugua skrubu, kwa sababu hili ni gari, litatembea. Jaza maji, washa pampu, karatasi kavu, subiri.

Kazi yote ilituchukua alasiri moja na haikufika dola 80, koleo likiwemo.

Neno moja kuhusu baridi, kwa sababu Ohio siyo Mbeya. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na bomba lililojaa halina pa kuyaweka. Magari mengi ya zamani yamepasukia huko, mwenyewe asijue mpaka masika. Anayeliacha gari bila joto wakati wa baridi anapaswa kumwaga maji yote, au kupitisha ile dawa ya rangi ya pinki ya propileni glaikoli iliyotengenezwa kwa ajili ya mabomba ya maji ya kunywa. Ile ya radieta ya kawaida, etileni glaikoli, ni sumu. Usiiweke humo hata kama ni ya bure.

Na kwa walioko Ulaya: gari la Kijerumani au la Kiingereza ni habari nyingine. Huko utakuta mipira laini ya milimita 10 au 12 iliyobanwa kwa klipu za chuma, au mabomba magumu kiasi ya milimita 12 yanayosukumwa kwenye viungio vyake, mekundu kwa moto na ya bluu kwa baridi. Usinunue kiungio cha Kimarekani cha nusu inchi kwa sababu eti "vinakaribiana". Kukaribiana ndiko kulikoilowesha sakafu ya kaka.

Najua pingamizi mbili zinakuja, nizijibu.

Ya kwanza: "Si aite tu fundi anayejua?" Sawa, aite. Lakini fundi anayejua utamtambuaje? Kwa maoni yangu, kwa swali lake la kwanza. Anayejua huuliza gari ni la mwaka gani, bomba limeandikwa nini, linavuja wakati gani. Asiyejua, au anayejua ila anataka pesa yako yote, huanza na bei. Kusoma bomba hakumfukuzi fundi, kunakusaidia kumchagua.

Ya pili ni nzito zaidi, na aliniambia kaka mwenyewe. "Dogo," alisema, "wewe unaondoka, mimi nabaki na bomba la 1989. Leo tumeziba hapa, kesho litatoka kule. Si bora nikope nibadilishe yote?" Hoja hii siwezi kuipuuza. Kuziba sehemu moja kwenye bomba lililochoka lote ni kujidanganya. Ndiyo maana tulipomaliza tulipita gari zima, kiungio baada ya kiungio, tukachora ramani kwenye karatasi: hapa ni PB na shaba, hapa ni PB na plastiki, hapa mtu alishaweka PEX. Tukahesabu viungio vya plastiki, vilikuwa kumi na moja. Hivyo ndivyo atakavyovibadilisha, viwili vitatu kila mwezi, akianza na vya maji ya moto, maana joto huharakisha uchovu wa plastiki. Akimaliza hivyo ataanza kubadilisha bomba lenyewe, upande kwa upande. Hakopi. Halali sakafu mbichi. Ramani ameibandika ndani ya mlango wa kabati.

Nikirudi kwenye msimamo wangu. Marekani hiyo hiyo ukinunua mkate unaambiwa umewekwa nini, mpaka chumvi kiasi gani. Ukinunua gari-nyumba la zamani, ambalo ndani yake utakunywa maji, utaoga na kulala, muuzaji anakuambia limetembea maili ngapi na basi. Kwa nini asiandike mstari mmoja: mabomba ni ya aina gani, viungio ni vya aina gani, palitengenezwa wapi? Muuzaji atasema hajui. Atafute! Maandishi yapo kwenye bomba, dakika arobaini na tochi vinatosha. Na gereji ikikarabati iandike kwenye risiti imekuta nini na imeweka nini, kwa jina, siyo "kazi ya bomba". Fundi aliyeweka kiungio cha PEX kwenye PB angelazimika kuandika maneno hayo mawili kwenye mstari mmoja, huenda mkono wake ungesita.

Mtu atasema haya ni mambo ya Wamarekani. Kwa sehemu ndiyo. Lakini ndugu zetu wako huko, na wengine wanalala kwenye magari hayo bila kutuambia kwenye simu. Kama unaye, mpigie leo. Usimuulize pesa. Muulize amewahi kulisoma bomba lake, na umwambie aende na kitambaa chenye maji na tochi.

Maoni yenu nayasubiri, hasa ya wale mlioko Ughaibuni na wenzangu mafundi. Mnaonipinga msiogope, karibuni tubishane.

Naomba kuwasilisha.